Masikio ya Mfalme wa Kambodia

Mwikwabe alikuwa amekubali kukatwa masikio, na mtu akishakubali jambo kama hilo hapendi kucheleweshwa. Si masikio mazima, ni ndewe tu: ile nyama ya chini iliyotobolewa angali mvulana, ikavutwa kwa vipande vya mti hadi ikakaribia mabega. Kwa Wakurya wa rika lake hayo ndiyo yalikuwa masikio ya mwanamume. Kwa watu wa Stanslaus, karani aliyekuwa anamwoa Agustina, binti wa Mwikwabe, yalikuwa ushamba, na ushamba katika miaka ile ya Ujamaa ulipigwa vita pamoja na ujinga na maradhi.

Agustina hakumwambia baba yake kwamba anamwonea haya. Alisema tu kwamba siku hizi hospitalini wanakata na kushona, hakuumi, na kwamba kanisani siku ya harusi watu watamtazama sana yeye baba mtu. Mwikwabe hakuwa mtoto wa kuelezwa mara mbili. Alishinda na ng'ombe wake, jioni akasema sawa. Iliyobaki ilikuwa safari ya kwenda mjini Tarime, na hiyo waliifanya kwa lori la mahindi.

Hospitalini wakaambiwa dresa, yule anayekata na kushona, ameitwa kijijini Turwa na hatarudi kabla ya saa nane. Wakatoka nje kwenye jua. Jirani na hapo, mlangoni mwa ukumbi wa maendeleo, Athanas bwana utamaduni alikuwa anawaita wapita njia kwa sauti ya mnadani. Makumbusho yamekuja Tarime kwa lori! Sanaa za kale za Kambodia, nchi rafiki! Kuingia ni bure! Mwikwabe hakuijua Kambodia, ila kivuli alikijua, akaingia.

Ndani walikuta picha kubwa za majumba ya mawe yaliyomezwa na mizizi ya miti. Watu walipita wakishangaa kwa adabu, kama wanavyoshangaa vitu wasivyovielewa. Mwikwabe alisimama sana mbele ya picha moja tu, ya mkokoteni uliochongwa ukutani na ng'ombe wawili wakiuvuta. Aliwakagua wale ng'ombe kuanzia nundu hadi kwato, akatamka kwamba aliyewachonga amewahi kuchunga. Sifa kubwa kuliko hiyo hakuwa nayo.

Halafu akafika kwenye kichwa. Kilikuwa cha plasta, kimenakiliwa kutoka kwenye jiwe, kimewekwa juu ya meza iliyotandikwa kitambaa chekundu. Mwanamume mnene wa uso, macho kayafumba, midomo imetulia. Na masikio yake yalikuwa marefu, ndewe zimeshuka hadi shingoni, zimetobolewa, hazina kitu ndani.

Mwikwabe akavua kofia. Kwao mtu mzima wa masikio yale hatoi mapambo yake ovyo. Anayatoa akifiwa. Macho yale yaliyofumbwa nayo yalisema hivyo hivyo. Basi akainama kidogo akampa pole, kwa Kikurya, kwa sauti ya matangani, kisha akamgeukia Athanas.

"Mura, kijana wangu, huyu amefiwa na nani?"

Ukumbi mzima ukacheka. Agustina akatazama chini, akatamani sakafu impokee. Lakini Athanas, ambaye kazi yake ilimpa nafasi chache za kufurahi, akashika kiuno akamtazama mzee, akakitazama kichwa, akamtazama tena mzee.

"Hajafiwa, mzee wangu. Huyu alikuwa mfalme. Wakubwa wa kule walivaa dhahabu nzito masikioni hadi yakarefuka hivi. Sikio refu lilikuwa heshima."

"Na dhahabu nani kamnyang'anya?"

"Hakuna. Wanasema alipenda mwenyewe kuchongwa bila mapambo."

Athanas akamwomba Mwikwabe asimame kando ya meza, ageuze shavu. Watu wakasogea. Kicheko kikaisha. Mwalimu mmoja mwenye miwani akasema jambo hili ni la ajabu, liandikwe. Mwingine akasema huu ndio utamaduni wetu wenyewe. Wakamzunguka Mwikwabe wakimwangalia masikio kama wanavyomwangalia fahali wa maonyesho, na Agustina akajikuta anamwambia mama asiyemjua, kwa sauti ya kusikika, "Huyo ni baba yangu."

Walipotoka, saa nane ilikuwa imepita. Agustina akamshika baba yake mkono.

"Tata, turudi nyumbani. Wakicheka, wacheke."

Neno hilo Mwikwabe alikuwa amelisubiri tangu siku aliposema sawa. Lilipokuja likamchoma. Akasimama katikati ya barabara.

"Kama usingekiona kile kichwa, tungeenda kukata au la?"

Agustina hakuwa mwongo, na hilo ndilo baya lake na zuri lake. "Tungeenda," akasema.

"Basi twende. Mimi sitembei na masikio ya kuazima kwa mfalme."

Alikuwa amekasirika, na hakuficha. Ameishi na mtoto huyu nyumba moja, amemlisha, amemsomesha, leo binti huyo anahitaji mtu wa Kambodia aje amwambie baba yake ni mtu. Akatangulia mbele kwa hatua za mtu anayekwenda kudai haki yake, na Agustina akamfuata akifuta macho kwa ncha ya khanga.

Dresa alikuwa amerudi, amechoka, ana haraka. Akamkalisha Mwikwabe kwenye kigoda, akachoma sindano ya ganzi, akasubiri, akachukua mkasi. Msaidizi wake hakuwepo. Akamwambia Agustina aivute ndewe ya kulia, aishike imekaza, yeye apime pa kukata.

Agustina akaishika. Ilikuwa laini, ina joto, na vidole vyake vikaijua kabla yeye hajakumbuka. Miaka ile mama yake alipougua kwa muda mrefu, yeye, bado mdogo, alikuwa halali mpaka alazwe kifuani kwa baba, ashike sikio hili, aingize kidole kwenye tundu lake. Akiachishwa analia. Baba mtu alikuwa analala bila kujigeuza usiku kucha, shingo ikimuuma, ili mtoto asiamke.

"Tayari," dresa akasema. "Toa vidole taratibu, dada, nisije nikakukata."

Agustina hakutoa.

"Dada, achia."

Mwikwabe hakuweza kuuona uso wa binti yake, alikuwa nyuma yake. Wala hakuusikia mkono wake, kwa sababu ya ile ganzi. Aliona tu kivuli chao ukutani, na mkono uliokataa kushuka. Akangoja kidogo, awe na hakika.

"Weka mkasi wako, mura," akasema. "Huoni nimeshikwa?"