Msoma Mita

Binti mpimaji aliingia ofisini kwa mkuu wa maabara ya maji, akafunga mlango taratibu. "Mzee, naomba hili libaki kati yetu," alisema, akimwekea karatasi mezani. Vipimo alivyoandika yeye vilionyesha maji ya mji ni machafu. Vilivyotangazwa vilisema ni salama. Dawa ya kutibu maji, iliyoletwa na shemeji wa mkurugenzi wa mamlaka ya maji, ilikuwa chokaa tupu.

"Umefanya vizuri, mwanangu. Niachie mimi."

Siku ile ile mkuu akampelekea mkurugenzi ile karatasi. Alijiambia anafuata utaratibu tu. Mkurugenzi hakuuliza habari za dawa hata kidogo. "Nani kakuletea?" Mkuu akakohoa, akatazama viatu vyake. Ilikuwa imebaki miezi minane astaafu. Hakutaka kumwaga unga. Akamtaja.

Wiki haikuisha, binti akahamishiwa kitengo cha kusoma mita.

Mwezi uliofuata, Jumamosi asubuhi, mkuu amekaa barazani na gazeti lake, geti likagongwa. Alikuwa yeye, jua limemchoma, daftari mkononi.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kusoma mita."

Mkuu akainua gazeti, akajificha uso. Mkewe, asiyejua lolote, akatoka na glasi ya maji. "Kunywa, mwanangu. Usiogope, haya kayapima baba yako huyu mwenyewe."

Binti akaitazama glasi, kisha akamtazama mkuu. "Asante, mama. Nina yangu." Akanywa kutoka kwenye chupa yake, akaandika namba za mita, akaenda zake.

Mke akampa ile glasi mjukuu wao aliyekuwa akicheza barazani. Mkuu aliruka, akaipokonya, maji yakamwagika miguuni.

"Una nini wewe?"

Akamweleza yote, macho chini. Mke akamvuta mjukuu kando. "Kwa hiyo mwezi mzima umetuangalia tukinywa?"



Jumatatu alipeleka daftari halisi la vipimo la maabara kwa wachunguzi wa rushwa, akaeleza kila kitu, hata kwamba ni yeye aliyemtaja yule binti kwa mkurugenzi. Mkurugenzi alisimamishwa kazi, dawa ikabadilishwa, binti akarudi maabara. Mkuu alishushwa cheo, akapewa kazi ya kubandika lebo kwenye chupa za sampuli.

Kila asubuhi binti humwamkia kwa adabu zote. Lakini siku alipogundua tena kasoro kwenye vipimo, alipita mbele ya meza yake na karatasi mkononi, akaenda kugonga mlango mwingine.