Wajukuu Watatu wa Koko

Vijana watatu walikosa mtihani wa mwisho kwa sababu mama yangu alikufa. Mmoja ni mwanangu, Précieux. Wawili si wa damu yetu: Fiacre Ndikumana ni Mrundi aliyezaliwa kambini Tanzania, na Kiplimo ni Mkenya wa Eldoret. Chuo kikataka kuwafukuza hao wawili kwa udanganyifu. Hilo ndilo tatizo lenyewe. Nalisema kama lilivyo, sijui kuzunguka.

Mimi ni Bisimwa, mtu wa Bukavu. Shule niliacha darasa la sita vita vilipoingia. Hapa Sydney naendesha foklifti kwenye ghala moja la St Marys. Précieux ni wa kwanza katika ukoo wetu kufika chuo kikuu. Alikuwa anasomea uhandisi wa ujenzi. Alipohamia Kensington, karibu na chuo, kukaa na wanafunzi wenzake, mke wangu Lydie alilia. Mimi nilisema afadhali, safari ndefu za treni zilikuwa zinamla mtoto.

Nyumba yao ina jina. Wanaiita Chungu Kimoja. Vijana wa Kiafrika wamepokezana pale miaka mingi: anayemaliza masomo anatoka, mwingine anaingia, na aliyetoka bado ni ndugu. Kuingia si kulipa kodi tu. Unapika chakula cha kwenu, hata kikiungua, mnakula wote kutoka sinia moja. Halafu kila mmoja anapiga simu kwao na kukupa uongee na wazee wake, na tangu siku hiyo unawaita vile anavyowaita yeye. Ndiyo maana Fiacre ananiita Papa. Kiplimo alikataa, alisema kwao Papa yuko Roma, basi ananiita Mzee. Lakini kwa mama yangu hakupata nafasi ya kubisha. Alipomsalimu mara ya kwanza, mama alimkata maneno.

"Mimi ni koko yako. Umekula?"

Koko, kwetu, ni bibi. Tangu hapo walimpigia kila Jumapili, hata Précieux akiwa kazini. Kuna habari za mwanangu ambazo mimi nilizipata kwa mama kule Bukavu, naye alikuwa amezipata kwa Fiacre.

Alikufa mwezi wa Novemba. Njia za kufika Bukavu zilikuwa zimefungwa, vita tena. Tukaweka matanga nyumbani kwangu, na viti tukaazima kanisani. Jioni ile ile vijana watatu waliteremka kwenye gari moja na mablanketi yao. Kiplimo akaingia gereji ya nyumba, palipogeuzwa jiko la msiba, kuosha sufuria pamoja na akina mama, nao wakamcheka mpaka wakasahau kulia. Fiacre akasimama mlangoni kupokea watu. Usiku walilala chini na sisi wengine.

Siku ya tatu asubuhi ndiyo ilikuwa siku ya mtihani, somo moja kwa wote watatu. Mimi sikujua. Lydie hakujua. Ningejua ningewatoa kwa ufagio. Lakini Chungu Kimoja wana sheria yao: kwenye msiba wa mmoja, hakuna anayeondoka kabla ya siku ya tatu kuisha. Baadaye nilimuuliza Fiacre kwa nini hakuniambia.

"Papa, ningekwenda kuandika nini kule, na watu wanaimba huku?"

Baada ya matanga waliomba chuo kiwape mtihani mwingine. Fomu iliuliza marehemu alikuwa nani kwako. Précieux akaandika bibi. Fiacre akaandika bibi. Kiplimo naye, bibi. Marehemu mmoja, koo tatu, nchi tatu. Mtu wa ofisi aliyesoma zile karatasi hakuwa mjinga. Wakaitwa kikaoni.

Nilikwenda Kensington nikawakuta jikoni, chai imepoa mbele yao.

"Mngeandika rafiki wa familia," nikawaambia.

"Rafiki?" Kiplimo akaruka. "Mzee, nimeosha masufuria yenu siku tatu, leo niitwe rafiki?"

"Ungeitwa rafiki mwenye mtihani."

Fiacre alicheka, halafu akasukuma kikombe chake pembeni. Somo lile alikuwa ameshaanguka mara moja. Akianguka tena, udhamini wake unakatwa, na bila udhamini hakuna masomo. Mama yake, Anésie, hapa hapa Sydney anaogesha wazee kwenye nyumba ya kulea wazee, na migongo ya watu wengine imemharibia wake.

Barua ya chuo ilikuwa imeeleza kila kitu. Précieux alikuwa safi: angerudia mtihani na alama zake zote zingehesabiwa. Alikuwa karibu kupata shahada ya daraja la kwanza, na kampuni moja inayojenga reli ilikuwa imemwahidi kazi akiipata. Wale wawili walihitaji ndugu wa marehemu aje kuthibitisha. Na huyo ndugu akionekana anawafichia uongo, kesi ya watatu inakuwa moja, Précieux naye ndani.

"Papa, sema tu sisi si wajukuu," Fiacre akasema. "Yaishe."

"Akisema hivyo, na mimi si mjukuu," Précieux akajibu.

"Wewe funga mdomo," Kiplimo akamwambia. "Wewe una reli ya kujenga. Sisi tutapanda treni yako."

Nilikwenda kikaoni na nguo za kazi, maana nilitoka shifti moja kwa moja. Walikaa watu watatu upande mmoja wa meza, sisi upande wa pili. Mwenyekiti alikuwa mama mwenye nywele nyeupe, mpole, hakutukemea hata mara moja. Alinipa pole ya msiba kwanza. Kisha akauliza.

"Bwana Bisimwa, hawa vijana wawili ni wajukuu wa mama yako?"

Nilitaka kusema hapana. Miaka yote hii nimebeba mizigo ya watu ili mwanangu asiibebe. Neno moja tu, na alikuwa amefika.

Lakini nilimtazama Fiacre, nikaiona tena ile siku ya tatu ya matanga. Kaka yangu aliyebaki Bukavu alikuwa ametuma picha ya kaburi. Niliitazama nikaanguka pale pale sebuleni, mtu mzima, mbele ya kanisa zima. Précieux mwenyewe alikuwa amejifungia chumbani analia. Aliyepiga magoti akaniosha uso ni Fiacre. Aliniambia, "Papa, amka. Koko angeuliza watu wamekula." Saa hiyo wenzake wa darasa walikuwa wanaandika mtihani. Kalamu yake ilikuwa mfukoni.

"Ndiyo," nikasema. "Ni wajukuu."

"Kwa damu?"

"Kwa damu ni mmoja. Lakini mama yangu alikuwa na wajukuu watatu hapa Sydney. Yeye mwenyewe aliwaita hivyo, na walimlilia hivyo. Mimi siwezi kumkatalia akiwa kaburini."

Bwana mmoja upande wa kushoto akaweka kalamu chini. "Unaelewa kwamba jibu hilo linamgusa na mwanao?"

"Naelewa."

Wakatutoa nje. Kwenye ujia Kiplimo akanisogelea. "Mzee, hapo umetuokoa ama umetuzika?"

"Sijui. Mwaka huu nimeshazika mmoja, natumaini inatosha."

Walipotuita tena, yule mama alisema hawakuona nia ya kudanganya. Hakuna atakayefukuzwa. Lakini walichoandika siyo kile fomu inachokubali, kwa hiyo watarudia mtihani wote watatu, na hata wakijibu kila swali watapewa alama ya kupita tu, si zaidi. Kesi moja.

Nilimwona Précieux anapiga hesabu kimya kimya. Alipomaliza aliinuka, akamkumbatia Fiacre mpaka miwani ya mwenzake ikaanguka. Nje akaniambia, "Asante, Papa."

"Umepoteza ile kazi, unaniambia asante?"

"Kazi zipo."

Mwezi wa Januari walirudia. Précieux aliwafundisha usiku na mchana, wakachora hesabu mpaka kwenye mlango wa friji. Wakapita wote, na wakavaa joho siku moja. Anésie alipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja kuangalia. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Baba Précieux, sina la kukulipa."

"Wala mimi," nikamwambia. "Siku niliyoanguka, mwanao ndiye aliyeniinua."

Sijasoma, na watu wa kanisa wanasema mdomo wangu ni mkali, lakini kushukuru najua. Nililelewa na mwanamke aliyewauliza watoto wa watu kama wamekula, na watoto hao wakaja wakamlilia mbali na kaburi lake, kwangu, ambako sikuwa na ndugu hata mmoja. Mungu awabariki.

Gharama yake ni hii. Précieux alipoteza daraja la kwanza na ile kampuni ya reli. Sasa anapima mifereji ya maji ya mvua kwa halmashauri moja ya huku magharibi. Kiplimo alikosa harusi ya dada yake Eldoret, maana mtihani wa marudio uliangukia wiki hiyo hiyo. Mimi nilikosa nusu ya shifti, siku ile ya kikao. Fiacre hakupoteza kitu.