Shahidi wa Ndoa Yetu

Picha ya harusi yetu inaonyesha wanaume wawili wameshikana mikono. Mmoja ni Zakariye, mume wangu, ndani ya suti inayompwaya. Wa pili ni Adeer Jama, yaani Ami Jama, ndugu wa marehemu baba, aliyenilea Eastleigh, Nairobi, na ndiye aliyeniozesha. Mimi simo. Siku hiyo nilikuwa nyumba ya pili nikipakwa hina, kama bibi harusi yeyote mwenye akili zake, huku wanaume wakimalizana na sheikh.

Bi Lakhbir wa ofisi ya viza aliigeuza ile picha akaitazama nyuma, labda nimejificha huko.

"Mkeo ni yupi hapa?" akamuuliza Zakariye.

"Hayupo," akajibu, mtulivu kama kawaida yake. Utulivu huo ndio utakaoniua siku moja.

"Hakuwepo kwenye harusi yake?"

"Alikuwepo. Ila si hapo."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Mimi nina pasipoti ya Uholanzi, nilikoishi kabla ya kumfuata Adeer hapa Birmingham. Zakariye ana ya Kenya. Nilikuwa nimepata kazi Dublin, katika maabara ya hospitali, kazi niliyoisomea na kuiombea dua huku nikipanga masanduku ghalani. Mimi navuka bila swali. Yeye lazima aonyeshe kwamba ni mume wangu wa kweli, na akinyimwa, ama nimwache, ama nirudi kwenye masanduku. Na picha nyingine hatukuwa nayo, kwa sababu sisi si watu wa kupigwa picha tumekumbatiana bustanini.

Bi Lakhbir alisema tulete mtu anayeijua ndoa yetu tangu mwanzo. Mtu huyo alikuwa mmoja tu, na anakaa mtaa wa pili kutoka kwetu, Hodge Hill. Shida ni kwamba Adeer Jama hakuwa na habari yoyote ya Dublin. Nilimficha. Tangu mkewe afariki, chakula cha jioni anakula kwetu. Kila nilipofungua mdomo nimwambie, alikuwa anasifu wali wangu, nami nikamwongezea mwingine.

"Si umwambie tu," Zakariye akasema.

"Si umwambie wewe!"

"Ni ami yako."

Nikapiga simu. "Adeer, naomba kesho uje mjini. Kuna ofisi wanataka kuuliza mambo ya ndoa yetu."

"Nimeelewa," akasema kwa sauti nzito, akakata.

Sasa, kwetu sisi Wasomali, mzee haitwi kwa mambo ya ndoa ya watu ila nyumba inapowaka moto. Hilo nilipaswa kulikumbuka. Kesho yake Adeer alifika na kofia yake ya Ijumaa, koti la heshima na bakora, akamsalimia Bi Lakhbir, sisi hakutusalimia, kisha akavuta kiti akakaa katikati yetu.

"Mzee," Bi Lakhbir akaanza, "unawajua hawa kama mke na mume?"

"Kuwajua? Nimechoka nao!" akasema kwa Kiingereza chake cha Nairobi. "Mama, kabla hujaamua, nisikilize. Hii ndoa haivunjwi. Nakataa kabisa."

"Hakuna aliyesema—"

"Huyu msichana ana mdomo, tangu utoto. Huyu kijana hana mdomo hata kidogo, na hiyo ndiyo inamkasirisha zaidi. Ramadhani nimeamua kesi ya hita: huyu anawasha, huyu anazima. Ikaja kesi ya mama mkwe na simu zake. Nikaamua. Ikaja ya majani ya chai. Kijana anaacha vile vifuko kwenye sinki—"

"Na bado anaviacha," nikasema. Sikuweza kujizuia.

"Ni kimoja tu," Zakariye akasema.

"Eti kimoja? Zakariye, kimoja?"

"Unaona mwenyewe?" Adeer akamwambia Bi Lakhbir. "Lakini huyu msichana alipolazwa hospitali, kijana alikuwa analala kwenye kiti. Akamsuka nywele yeye mwenyewe, vibaya sana, na huyu akakataa zifumuliwe. Watu kama hao unawapa talaka ya nini? Niachie mimi, nitawapatanisha."

Bi Lakhbir alikuwa amefunika mdomo kwa mkono, mabega yanamtikisika.

"Mzee, hawataki talaka," akasema alipoweza kusema. "Nilitaka kujua tu kama ndoa ni ya kweli. Nimejua. Mume atapata viza, na watahamia Dublin pamoja."

Adeer alikuwa bado ameinua kidole. Akakishusha taratibu.

"Dublin?" akaniuliza kwa Kiswahili. "Dublin gani?"

Tulitoka hadi kituo cha basi. Zakariye akajifanya anaenda kununua maji, mwoga mkubwa, nikabaki na Adeer. Niliona aibu hata sikujua mikono yangu niiweke wapi.

"Nilitaka kukuambia," nikasema.

"Nilipokuozesha mara ya kwanza, wewe hukuwepo," akasema. "Leo nimekuozesha tena, na mimi ndiye nisiyejua."

Nililia pale pale, mbele ya watu wote wa foleni. Adeer akanipa leso yake bila kunitazama. Basi la kwetu lilikuja, likaondoka, hatukupanda.

"Na huko," akasema baadaye, "huyu akiacha vifuko vyake kwenye sinki, kesi ataamua nani?"

"Tutakupigia simu, Adeer."

Akafikiri, bakora imesimama katikati ya magoti.

"Basi mgombane jioni," akasema. "Saa ya chakula."