Mkeka wa Bi Sakina

Nchi ya Taharuki imekaa chini ya Mlima Huenda, na mlima huo ulianza kufuka moshi mwaka ule ule aliotawazwa Sultani Hadhari. Ulifuka lakini haukulipuka, uliunguruma lakini haukutema moto. Na kwa kuwa hapakuwa na aliyejua ungefanya nini kesho yake, raia waliafikiana kwamba kukesha ndiyo hekima. Macho mekundu yakawa alama ya akili. Mchumba aliyepiga miayo mbele ya wakwe alisifiwa kwa malezi mema, na mtoto aliyesinzia mapema alikimbizwa kwa tabibu. Kila nyumba ilijifungia na akiba yake, ikautazama moshi kupitia tundu lake yenyewe.

Kulikuwa na mtaa mmoja tu, Tulizo, ambao wakazi wake walilala. Walilala hasa, wengine kwa kukoroma, na asubuhi walitoka na nyuso zilizonawiri, jambo lililowaudhi sana majirani. Waziri Dhana, mtu ambaye hakuwahi kukosa jibu wala kuwa na hakika, alimweleza Sultani kwamba hakuna awezaye kupata usingizi chini ya mlima kama ule isipokuwa anaijua habari ya kesho na ameificha. Basi Bi Sakina, mjane aliyesimamia nyumba ya ibada ya Tulizo, akashtakiwa, na hukumu ikatajwa kabla ya kesi: asipoitoa habari ya kesho, nyumba hiyo itabomolewa.

Mpelelezi wa Sultani, jina lake Mdadisi, alitumwa akae Tulizo mpaka aipate siri. Macho yake yalikuwa mekundu kupita ya wote, kwani mkewe alikuwa amefariki na hakuwa na wa kukesha naye. Alipekua dari, akachungulia mitungi, akagonga kuta na kutega sikio. Hakuona kitu ila ada moja iliyomshangaza: hapakuwa na mtu aliyekuja kusali na mkeka wake mwenyewe. Kila mmoja alitunza nyumbani kwake mkeka wa mwenzake, akaja nao Ijumaa, akamtandikia.

"Bi Sakina, huu ni usumbufu mtupu," alisema Mdadisi. "Anayeutunza mkeka wako asipokuja, utasali juu ya nini?"

"Juu ya mchanga, mwanangu."

"Na baada ya sala?"

"Twaenda kumtafuta."

Jawabu hilo hakulielewa, lakini aliikubali ada kwa ajili ya upelelezi, akapewa autunze mkeka wa mhunzi mmoja aitwaye Himili. Ijumaa iliyofuata homa ikamlaza, na Himili akasali mchangani. Sala ilipokwisha tu, safu nzima ikawa mlangoni kwa Mdadisi, huyu na uji, yule na kuni, na mzee mmoja asiye na chochote akaketi miguuni pake kumsimulia vituko vya mbuzi wake. Mlima ukaunguruma. Mdadisi aliwatazama kwa makini, kama kazi yake ilivyomfunza, akaona kwamba wote wameogopa na kwamba hakuna aliyeondoka. Alilala usingizi mzito, na alipoamka alilia, maana tangu msiba wake hakuna aliyekuwa amempigia hodi.

Siku ya baraza ikafika. Sultani aliketi kitini, miguu yake juu ya mkeka mzuri wa ukindu, na Waziri Dhana akasimama.

"Mtukufu, tazama uso wa mshtakiwa. Ana alama sugu za mchanga kwenye paji, na magotini vilevile. Huyu anachimba, na achimbaye ana alichokizika."

Sultani akamgeukia mpelelezi wake. "Je, mwanamke huyu anaijua kesho?"

"Haijui, Mtukufu. Anauogopa mlima kama tunavyouogopa sisi."

"Hulalaje, basi?"

"Anajua kwamba asipoonekana, atatafutwa."

"Yatazameni macho ya shahidi," alisema Dhana. "Ni meupe. Wamekwisha kumgeuza."

Lakini Sultani alikuwa ameshikwa na jambo lingine. "Bi Sakina," aliuliza polepole, "ikiwa kila mtu kwenu hutandikiwa, alama hizo za mchanga usoni mwako zimetoka wapi?"

Mjane aliinamisha kichwa. "Anayeutunza mkeka wangu hajapata kuja, Mtukufu."

"Hamkumtafuta?"

"Kila Ijumaa, baada ya sala, tumekuja langoni kwako, na Waziri ameamuru turudishwe. Siku ulipotawazwa tulikuletea mkeka wangu uutunze, watu wako wakaupokea kama zawadi. Wako, tuliokusukia siku ile ile, ninao mimi. Kila Ijumaa nautandika, kisha naukunja."

Sultani aliutazama ule mkeka wa ukindu, uliolika pembeni kwa viatu vyake, akainua mguu mmoja, kisha wa pili. Akashuka kitini. Akapiga magoti, akaupangusa vumbi kwa kiganja, akaukunja mwenyewe na kuutia kwapani, huku mlima ukiunguruma nje kama kawaida yake. Alipomkabili mjane, macho yake mekundu yalikuwa na machozi, naye hakuyaficha.

"Ijumaa ni lini?" aliuliza. Miaka mingi ya kukesha ilikuwa imemchanganyia siku.

"Kesho, Mtukufu," alisema Bi Sakina.

Mwandishi wa baraza alimtazama Waziri, akamtazama Sultani, kisha akaandika kwamba mshtakiwa ameitoa habari ya kesho.