Shabiki wa Nje ya Geti

Evenor Zeledón alikuwa shabiki mkubwa kuliko wote wa Nge, timu ya besiboli ya mji wa Jinotepe, na katika maisha yake yote hakuwahi kuiona timu hiyo ikishinda mechi yoyote ya maana. Si kwamba Nge hawakushinda. Walishinda, tena ubingwa mara tatu. Ila kila waliposhinda, Evenor hakuwa jukwaani; mara nyingi alikuwa nje ya geti, ameupa ukuta mgongo, anakula.

Mambo yalianza ujanani mwake, siku ya fainali, Nge wakiwa nyuma kwa pointi moja. Evenor alikuwa amekunywa maji ya ukwaju kupita kiasi, akabanwa, akaenda chooni. Akiwa humo akausikia uwanja unalipuka kwa shangwe. Alitoka mbio, suruali haijafungwa sawasawa, akakuta Nge wanaongoza. Akaketi kufurahi kama wenzake, na hapohapo wageni wakasawazisha. Mtu mwenye akili zake angesema mchezo ndivyo ulivyo. Evenor aliinuka, akarudi chooni kwa hiari yake ingawa hakuwa na haja yoyote, akasimama mle akiziba pua, na Nge wakachukua ubingwa. Tangu siku hiyo akajua kwamba macho yake yana nuksi.

Basi ikawa kila mechi ikikaza, yeye huyo anasimama. Anawaambia waliokaa karibu, "Naenda kuwasaidia," anatoka nje hadi kwenye meza ya Doña Melania, mama muuza chakula wa getini, anaagiza muhogo wa kuchemsha uliofunikwa kabeji kali na ngozi ya nguruwe iliyokaangwa, juu ya jani la mgomba. Anakula huku masikio yamesimama. Alizijua kelele za uwanja ule moja baada ya nyingine: ya mpira uliodakwa, ya mtu aliyekatwa njiani, yaani kutolewa mchezoni kabla hajafika kituoni, ya refa aliyetukaniwa mama yake. Miaka ikapita hivyo. Akaoa, akafungua duka la vipuri vya cherehani, akaota kitambi ambacho kwa haki kilikuwa mali ya Doña Melania.

Siku ambayo mji mzima unaizungumzia hadi leo ni ile Erasmo Calero, mpigaji wa Nge, alipoupiga mpira ukavuka ukuta wa kushoto, watu watatu wakarudi pamoja naye nyumbani, yaani kituo cha kufungia pointi, na Nge wakawa mabingwa kwa mara ya tatu. Evenor aliuona mpira ule. Ulipita juu ya kichwa chake ukavunja kioo cha duka la mikate ng'ambo ya barabara. Kwa kuwa hakuona ulikotoka, alidhani umepigwa kombo, akapaza sauti na mdomo umejaa muhogo: "Calero! Rudi kwenu ukachume kahawa, mpuuzi wewe!" Punde si punde Calero akatolewa getini juu ya mabega ya watu, na Evenor akawa wa kwanza kumbusu kiatu.

Habari ya pigo lile aliisimulia kuliko mtu mwingine yeyote. Aliisimulia dukani, kwenye matanga, hata kwenye arusi ya binti yake, kwa mikono na kwa magoti, akionyesha Calero alivyokunja mgongo na mrushaji alivyofumba macho. Hakuona kwamba anadanganya. Alikuwa anaeleza tu kile ambacho angekiona kama angekuwepo.

Mwaka huu Nge walicheza vibaya mpaka wakachosha hata kutukanwa. Mechi ya mwisho ilikuwa Jumapili, dhidi ya Rivas, timu ya mji mwingine, na haikuwa na faida kwa yeyote ila kuamua nani ashike mkia. Hata hivyo uwanja ulijaa, kwa sababu baada ya siku hiyo ungevunjwa. Mpya ulikuwa tayari umejengwa kando ya barabara kuu, una viti vya plastiki na vyoo ambavyo, kwa maneno ya watu, vina mlango kila kimoja.

Asubuhi hiyo mkewe, Auxiliadora, ambaye wote walimwita Chilo, alivaa gauni la kwendea kanisani na kusema anakwenda naye.

"Wewe? Uwanjani?" Evenor alishangaa. "Hata hujui gongo la kupigia mpira linakaa upande gani."

"Nakwenda kumwona huyo mke mwenzangu kabla hawajamzika," Chilo alijibu. "Miaka yote hii unalala kwangu lakini Jumapili ni zake. Nataka nimjue sura."

Walipata nafasi kwenye jukwaa la saruji nyuma ya kituo cha tatu. Bendi ya matarumbeta ilipiga mpaka mpiga ngoma akavua shati. Evenor alikuwa amejiapiza jambo moja: leo hatoki. Ataanza mechi, ataimaliza, na liwalo na liwe. Alifikiri huo ni uamuzi wa kishujaa, kisha akakumbuka kwamba watu wengine wote elfu kadhaa walikuwa wameamua vivyo hivyo bila hata kufikiri.

Kabla mchezo haujaanza, mtangazaji wa redio ya mji, Heberto Cuadra, alipita jukwaani na kipaza sauti akiwaomba watu kumbukumbu zao. Mwanamke mmoja alisema hapa ndipo alipoposwa. Mzee mmoja akasema hapa ndipo alipopotezea meno ya bandia, akaomba wavunjaji wamwangalizie. Halafu Heberto akamwona Evenor.

"Huyu hapa!" alipaza sauti, na spika zikaivumisha kote. "Don Evenor Zeledón! Nani asiyemjua? Don Evenor, tusimulie pigo la Calero, wewe uliyeliona kwa macho yako."

Evenor alisimama. Akakohoa. Akaanza kama alivyozoea: mrushaji akafuta jasho, Calero akatema mate, akakunja mgongo hivi, na Evenor akaukunja wake, kiuno kikalia kwak. Watu wakatulia kumsikiliza. Alipofika pale mpira unapoondoka, mkono wake umenyooka kuelekea ukuta wa kushoto, sauti ya mwanamke ikapasua kutoka ngazi za chini.

"Mwongo huyo! Ulikuwa kwangu unakula!"

Alikuwa Doña Melania, ambaye kwa heshima ya siku hiyo alikuwa ameiacha meza yake akaja kukaa ndani kwa mara ya kwanza.

"Tena ulimwita Calero mpuuzi," aliongeza, "ukanirushia muhogo kwenye nywele!"

Uwanja mzima ulicheka. Bendi nayo, maana wapiga matarumbeta hawana huruma, ikapiga milio mitatu ya kumzomea. Heberto akamsogezea Evenor kipaza sauti kidevuni.

"Don Evenor, ni kweli?"

Evenor alimtazama mkewe. Chilo alikuwa ameficha uso kwenye mkoba, mabega yakimtikisika.

"Ni kweli," alisema. "Sijaona kitu. Mara zote tatu za ubingwa sikuwepo jukwaani. Nikikaa ndani, wanafungwa. Macho yangu yana nuksi, ndugu zangu, basi nilikuwa natoka ili nyinyi mshinde."

"Kwa hiyo tukushukuru?" mtu alipiga kelele.

"Ningefurahi," Evenor alijibu, na kicheko kikawa kikubwa zaidi. Aliketi, masikio yakimwaka moto. Chilo alimpa leso.

Mechi ikaanza, na ajabu ikawa kwamba Nge walicheza kama watu. Jua la alasiri lilikuwa kali, upepo wa mlimani ukipeperusha maganda ya karanga, na Evenor akaona mambo aliyokuwa akiyasikia tu. Aliona jinsi mpira unavyotulia kwenye glavu kabla kelele haijafika. Alimwelekeza Chilo: yule anakimbilia kituo cha pili, yule amekatwa, huyu sasa anapumzika. Chilo aliuliza maswali ya ajabu. Kwa nini refa amejikunyata nyuma ya mtu kama anayetafuta sindano? Kwa nini yule mlinzi wa kushoto anachechemea?

"Huyo ni Wilmer Obando," Evenor alimwambia. "Magoti yamekwisha. Anaacha mwaka huu. Leo ndiyo mechi yake ya mwisho."

Zikafika zamu za tisa, za mwisho. Nge wanaongoza nne kwa tatu. Rivas walikuwa kwenye zamu ya kupiga, watu wao wawili wako vituoni, wawili wamekwisha kukatwa; ilibaki kumkata mmoja tu Nge washinde. Evenor alihisi miguu yake inainuka yenyewe, kama miguu ya ng'ombe inayoijua njia ya zizi. Akaikandamiza. Ndipo sauti ikatoka nyuma yake.

"Don Evenor! Si uende ukale kidogo?"

Watu wakacheka. Mwingine akadakia, "Mzee, tunakuomba kwa heshima, toka!" Na kabla hajajibu, jukwaa zima nyuma ya kituo cha tatu likashika wimbo, nusu utani na nusu dua: "Nje! Nje! Nje!" Mpiga ngoma akaupa mapigo. Doña Melania alisimama kule chini, akamwonyesha geti kwa mikono miwili kama polisi wa barabarani.

Evenor alisimama kweli. Sehemu ya moyo wake, aibu kusema, ilifurahi sana. Maisha yake yote alikuwa akiwatumikia Nge kimyakimya, na sasa uwanja mzima ulikuwa unamtambua. Alikwisha kuinua mguu mmoja pale mkono ulipomshika mkanda wa suruali kwa nyuma.

"Kaa chini," alisema Chilo.

"Chilo, watu wanaomba..."

"Kuna wachezaji tisa pale. Kuna kocha, kuna refa, kuna Mungu mbinguni. Na mwenye kuharibu ni wewe, muuza sindano za cherehani? Unajiona nani, Evenor? Kaa chini, unanizibia!"

Akakaa. Neno "unajiona nani" lilimwingia kuliko kelele zote. Kwa kweli alikuwa hajawahi kujiuliza. Wakati wote alidhani anatoka kwa unyenyekevu, kumbe ni majivuno ya ajabu, majivuno ya mtu anayeamini kwamba akitafuna muhogo mahali fulani, mpira unabadili njia hewani.

Mrushaji akarusha. Mpigaji wa Rivas akaupiga mpira juu, juu sana, upande wa kushoto. Ulikuwa mpira mwepesi, wa kudakwa hata na padri, na ukidakwa tu mechi imekwisha. Wilmer Obando akasogea chini yake akichechemea, akainua glavu, akainua na mkono mwingine kujikinga jua. Evenor alifumbua macho yote mawili. Mpira ukashuka, ukamgonga Wilmer begani, ukadunda, ukabingirika hadi ukutani. Watu wawili wa Rivas wakarudi nyumbani. Tano kwa nne.

Ikaanza mvua ya maganda ya karanga, na yote ilimnyeshea Evenor. Nge walikuwa bado na zamu yao, wakaitumia kama mtu anayemalizia uji uliopoa: mmoja, wa pili, wa tatu, basi. Mechi imekwisha, msimu umekwisha, uwanja umekwisha.

"Umeona sasa?" Evenor alimwambia mkewe, akipukuta maganda kwenye nywele.

"Nimeona," alisema Chilo. "Na wewe umeona. Mara ya kwanza."

Mageti ya ndani yakafunguliwa ili watu waage. Walishuka kwenye nyasi kama waliokwenda kuzuru kaburi, kisha wakaanza kung'oa. Mmoja alichota udongo kwenye kofia, mwingine alikumbatia kituo cha pili chote, na mzee wa meno alikuwa amepiga magoti chini ya jukwaa akitafuta kwa fimbo. Evenor alitembea tu, hana anachotaka, hadi akajikuta upande wa kushoto. Pale chini ya ukuta alikaa Wilmer Obando, kofia imefunika uso. Watu walimpita mbali, kama wanavyompita mgonjwa.

Evenor alitaka kugeuka. Badala yake akakaa kando yake, na kiuno kikalia tena.

"Jua," alisema Wilmer bila kuondoa kofia. "Lilinipiga machoni. Miaka kumi na tano nadaka mipira hapahapa, saa hiihii."

"Si jua," alisema Evenor. "Ni mimi."

Wilmer akaishusha kofia. Macho yake yalikuwa mekundu. "Wewe nani?"

"Mwenye nuksi. Hukusikia wanavyoimba? Niliambiwa nitoke, nikakataa. Waulize watu. Mji mzima unajua aliyefungisha timu leo ni Evenor Zeledón."

Mchezaji akayaona maganda ya karanga yaliyonasa kwenye ukosi wa shati. "Ndiye wewe wa muhogo?"

"Ndimi."

"Na ulikaa?"

"Mke wangu alinishika mkanda."

Wilmer alianza kucheka polepole, kama mtu anayejaribu goti bovu, kisha akacheka kwa kelele hadi akajifuta macho kwa mkono wa jezi. "Mzee, umeniua," alisema. "Si ungekwenda tu ukale!"

"Ningekwenda, nisingekuona ukicheza."

Hilo lilimtoka Evenor bila kupanga, na likawatia haya wote wawili. Akainuka, akampa mkono kumsaidia kusimama, na ikabidi Wilmer ndiye amvute yeye.

Alipomtafuta mkewe, hakumkuta alipomwacha. Chilo alikuwa katikati ya uwanja, viatu vya kanisani mkononi, akibishana na mwanamume asiyemjua, shabiki wa Rivas mwenye sharubu.

"Yule wa zamu ya saba hakufika kituoni!" alikuwa akisema. "Refa alikuwa amelala! Mimi nilikuwa palepale, nimeona kwa macho yangu!"

"Mama, alifika," mwenye sharubu alijitetea.

"Alifika wapi? Evenor, njoo umwambie huyu. Halafu nieleze, huo uwanja mpya mtu anakwendaje, na msimu unaanza mwezi gani?"