Kuku wa Shukrani

Kitendawili: zawadi gani hurudi nyumbani na aliyeipeleka?

Miaka sita Kageha alimuuzia Farouk, mwenye hoteli mjini Kisumu, kuku hai. Kideri, ugonjwa wa kuku, kikawafagia karibu kuku wake wote, akabaki na mtetea mmoja. Akamchinja, akamnyonyoa vizuri, akampelekea Farouk kama asante, ili amvumilie mpaka afuge wengine.

"Nani amechinja, Mama?"

"Mimi mwenyewe, Bwana Farouk. Nimekupunguzia kazi!"

Farouk akainamisha macho. "Sisi hatuli kuku asiyechinjwa na Mwislamu. Miaka sita, Mama, hukujiuliza kwa nini nawataka hai? Pole. Mfugaji mwenzako Gordon ndiye ataniletea kuku hai sasa."

Kageha akarudi kwake mtaani Obunga na kuku wake. Wajukuu walikula wakishangilia. Yeye alikaa akikitazama kizimba kitupu.