Kijiti cha Vaileth

Kwa miaka kumi na tisa Debora alikuwa mkunga wa zahanati ya kijiji kimoja, juu kidogo ya Tukuyu. Alipoanza kazi, kinamama wawili walilala kitanda kimoja baada ya kujifungua. Siku hizi wiki nzima iliweza kupita akiwa amezalisha watatu tu, na hilo lilimpa fahari. Vijiti vingi vya uzazi wa mpango kwenye mikono ya wanawake wa pale alikuwa ameviweka yeye mwenyewe.

Jumanne moja aliingia Vaileth, mchuma chai, mama wa watoto wawili.

"Sista, nimekuja unitoe kijiti."

Debora akatazama kadi. "Mbona muda wake bado mwaka na nusu? Kinakusumbua?"

"Hapana. Nataka mtoto."

"Si unao wawili? Au mume anakushinikiza?"

"Isakwisa anasema wawili wanatosha. Ni mimi ninayetaka."

"Maisha yenyewe unayaona, Vaileth. Nenda kafikirie, urudi mwezi ujao."

Vaileth alijitanda kitenge kichwani, akatoka kwenye mvua.

Mwezi haukufika. Siku ya tisa alirudi na Isakwisa, mkono umevimba, umefungwa kitambaa. Debora alipokifungua, alishtuka: jeraha la wembe, limetunga usaha, na kijiti bado kimo ndani.

"Nani kakukata?"

"Mwenyewe. Ulinikatalia, Sista."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Debora. Alisafisha kidonda. Miaka yote aliwatetea wanawake mbele ya waume na mama wakwe. Leo aliyemzuia mwanamke alikuwa yeye.

"Nisamehe," alisema. "Mwili ni wako. Nilipaswa kukusikiliza."

Isakwisa akakohoa. "Hata mimi sikumsikiliza. Leo njiani ndiyo kanieleza alivyokua peke yake, bila ndugu wa kucheza naye. Sikuwa najua."

Uvimbe ulipokwisha, Debora alikitoa kijiti kwa dakika chache. Kisha akawaambia wenzake: anayetaka kutolewa, atolewe siku hiyohiyo.

Mwaka uliofuata Vaileth alijifungua binti, wakamwita Lusungu. Kabla hawajaruhusiwa, Debora aliketi kando ya kitanda.

"Baada ya hapa, ungependa tufanyeje?"

"Sijaamua bado."

"Haya. Ukiamua, lolote lile, njoo."

Vaileth akacheka, akamhamishia mtoto kwenye titi la pili.